Jinsi Washauri Walivyojifunza Kusikiliza

Wenzetu wanaosoma saikolojia hapa chuoni huanza na zoezi linaloonekana la kitoto: kaa mbele ya mwenzako, muulize swali moja, kisha nyamaza. Zoezi hilo lina historia, na sehemu kubwa yake ilitokea hapa hapa Marekani.

Carl Rogers, aliyezaliwa mwaka 1902 karibu na Chicago, alifanya kazi miaka mingi mjini Rochester, New York, akihudumia watoto wenye matatizo. Baadaye alisimulia kisa cha mama mmoja aliyekuwa na mtoto mtukutu. Rogers alikwisha kuamua chanzo chake: mama alimkataa mtoto tangu mdogo. Kikao baada ya kikao akajaribu kumfahamisha hivyo, wasifike popote. Wakakubaliana waache. Mama akaaga, akafika mlangoni, akageuka kuuliza kama watu wazima nao huhudumiwa pale. Akarudi kuketi, akaeleza ndoa yake iliyoharibika na jinsi alivyokata tamaa. Hayo hayakufanana kabisa na maelezo aliyoyatoa mwanzoni. Maswali yote yale, na mama alikuwa bado hajasikilizwa!

Mwaka 1940 Rogers alihamia Ohio State, na huko akafanya jambo ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko nadharia zake: alirekodi vikao. Sauti ilirekodiwa kwenye santuri, na upande mmoja ulijaa kwa dakika chache tu. Kitabu chake cha 1942 kilichapisha, neno kwa neno, vikao vinane vya mteja aliyepewa jina la Herbert Bryan. Mshauri sasa aliweza kujisikia mwenyewe: anavyomkatiza mtu, anavyouliza maswali ya ndiyo au hapana, anavyokimbilia kutoa mawaidha.

Miaka ya 1960 Allen Ivey na wenzake, huko Colorado, walitumia video kufundisha stadi hizo moja moja: namna ya kukaa, kumtazama mteja, kufuata anachosema. Kutazama ndiko kunakotusumbua sisi. Kwetu kijana akimkazia macho mtu mzima ataambiwa hana adabu, lakini mshauri asiyejua hayo huenda akadhani anaficha kitu. Ivey mwenyewe baadaye alisisitiza kwamba stadi hizi hubadilika kufuatana na utamaduni.

Kuna na suala la salamu, ambalo halimo katika vitabu tunavyosomeshwa. Muulize mama yeyote wa Kiswahili habari zake, atajibu "nzuri," hata kama hajalala siku tatu. Ukiandika "nzuri" na kupita kwenye swali la pili, umemkosa. Ngoja kidogo. Mara nyingi litafuata neno "ila", na kikao kinaanzia hapo.