Lutz Pfannenstiel
Lutz Pfannenstiel (alizaliwa Zwiesel, Bavaria, 12 Mei 1973) ni golikipa mstaafu wa mpira wa miguu kutoka nchini Ujerumani. Ndiye mchezaji wa kwanza kucheza soka la kulipwa katika mashirikisho yote sita ya FIFA.

Alichezea klabu zaidi ya 20, zikiwemo Orlando Pirates ya Afrika Kusini, Dunedin Technical ya Nyuzilandi na Vancouver Whitecaps ya Kanada.

Mwaka 2001, akiwa Geylang United ya Singapuri, alifungwa jela siku 101 kwa kosa la kupanga matokeo, ambalo amelikana daima. Tarehe 26 Desemba 2002, akidakia Bradford Park Avenue ya Uingereza, aligongana na mpinzani na kuacha kupumua mara tatu. Alipona, akarudi uwanjani. Mwaka 2008 alijiunga na Atlético Ibirama ya Brazil, na hivyo kukamilisha shirikisho la sita, la Amerika Kusini.