Muuza Halwa Aliyegeuka Bwana

Mwamanyili, wilayani Busega, iko jirani na Ghuba ya Speke. Mwingereza mwenye jina hilo alilifikia Ziwa Victoria upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akitokea Kazeh, ambayo leo ni Tabora. Huko alikuwa amemwacha mwenzake, Burton, mgeni wa Snay bin Amir.

Snay, Mwarabu, alianza maisha akiuza halwa Maskati. Pembe za ndovu na watumwa vikampa utajiri, lakini ardhi aliyojengea ilikuwa ya mtemi wa Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi iliyoizunguka Kazeh.

Mtu wa Athene ya kale angeielewa hali hiyo mara moja. Kwao mgeni mkazi alilipa drakma 12 kwa mwaka na akaenda vitani, ila hakupiga kura wala, kwa kawaida, kumiliki ardhi. Lysias na nduguye Polemarchus, ambao baba yao alitoka Syracuse, walikuwa na karakana ya ngao. Mwaka 404 KK watawala thelathini walimuua Polemarchus na kutwaa mali yao, watumwa 120 wakiwemo.

Unyanyembe ikawa kinyume. Mnamo 1860 Mtemi Mnywa Sere alitaka kutoza kodi bidhaa za Waarabu; wageni wakamng'oa, wakamsimika Mkasiwa. Mnywa Sere akaingia msituni na bunduki zake. Snay aliuawa katika vita hivyo, na mwaka 1865 akauawa Mnywa Sere mwenyewe.

Lawama ya utumwa si ya Waarabu peke yao, na inauma kulisema. Vijana wa Kinyamwezi walibeba pembe hadi pwani kwa ujira, na baadhi yao walitumia faida kununua watu, wengi kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mume akiwa safarini miezi kadhaa, jembe lilishikwa na mwanamke aliyenunuliwa.

Wajerumani walipoitawala nchi hawakuukomesha utumwa. Walitoa barua za uhuru kwa mtu mmoja mmoja, kisha mwaka 1904 wakatangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Athene, sheria ya Pericles ya 451 KK ilimnyima uraia mtoto kwa sababu ya ugeni wa mama. Huku mtoto alifunguliwa, mama akaachwa kifungoni. Sheria ya Waingereza iliyofuta utumwa Tanganyika ilikuja 1922. Aliyezaliwa Januari 1906 alikuwa na miaka 16, huru tangu siku ya kwanza, na mama yake angali mtumwa.