Chai ya Asubuhi katika Miji ya Jinja na Mbale

Mtu apitaye katika mji wa Jinja au wa Mbale siku ya Jumapili, mnamo saa nne au saa tano ya asubuhi, hukuta watu wamekaa mbele ya vikombe vya chai wakila chakula ambacho si cha asubuhi hasa, wala si cha mchana. Waingereza waliutungia mlo wa namna hiyo jina lake mwaka 1895, pale mwandishi wao Guy Beringer alipotetea kwamba Jumapili mtu aachwe alale, kisha ale mara moja badala ya mara mbili. Sisi katika Kiswahili tunayo maneno staftahi, kifungua kinywa na kiamshakinywa, lakini mashariki ya Uganda wengi husema "chai" tu, hata ikiwa mezani pana ndizi, maharagwe na mayai.

Hatukusudii katika makala haya kutunga jina jipya. Tunataka kuvitazama vyakula vyenyewe na majina yake, kwa kuwa tunaamini kwamba meza hiyo yaeleza habari ya Kiswahili katika Uganda ambayo vitabu vya siasa huipita upesi.

Tuyapange majina hayo katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni chai, sukari, chapati, sambusa na maandazi. Kundi la pili ni matooke, yaani ndizi za kupika. Katogo, yaani ndizi zilizopikwa katika chungu kimoja na maharagwe au matumbo. Na kwa upande wa Mbale, malewa, yaani machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, ambayo hukaushwa kwa moshi na kupikwa kwa njugu zilizosagwa. Kundi la kwanza lilifika kwa njia ya biashara na kwa ulimi wa Kiswahili. Kundi la pili ni la nyumbani, na majina yake ni ya lugha za wenyeji. Mpaka baina ya makundi hayo hasa ndio mpaka wa kale baina ya mkahawa na jiko la mama.

Mkahawa huo ulizaliwaje? Mwanzoni mwa karne ya 20, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alijenga makao yake Mbale, na mahali hapo pakawavuta wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wahindi waliokuwa wakisafiri kati ya pwani na nchi za kaskazini kutafuta pembe za ndovu. Mwaka 1906 Wazungu walimhamisha Kakungulu kwenda Jinja aongoze baraza la Busoga. Hivyo mtu mmoja aliihudumu miji yote miwili katika utoto wake.

Baada ya wasafiri wa miguu ilikuja reli. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo meli zikavuka ziwa hadi Jinja. Mwaka 1912 reli ya Busoga ilifunguliwa kutoka Jinja hadi Namasagali. Katika miaka ya 1920 njia ya kwenda Soroti ikapita Mbale. Na mwaka 1931 daraja la Jinja likauvusha Mto Nile. Penye stesheni pana abiria, na penye abiria hapakosi mwenye birika. Wahindi wakajenga maduka yenye baraza ambayo mpaka leo yasimama katika barabara kuu ya Jinja, mengine yakiwa na majina na miaka ya kujengwa juu ya kuta zake. Sukari nayo haikuhitaji tena kutoka mbali, kwani mwaka 1930 Muljibhai Madhvani alianzisha kiwanda chake Kakira, jirani na Jinja.

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa, na Jinja ikawa mji wa viwanda. Wafanyakazi walitoka Busoga, Bugisu, Teso, Kenya na kwingineko, wakakaa pamoja katika mitaa kama Walukuba. Mtu wa lugha hii na mtu wa lugha ile walipokaa benchi moja kabla ya king'ora cha kiwanda, ilibidi waagize chai kwa lugha ambayo mwenye hoteli na jirani wangeielewa. Hapo ndipo Kiswahili kilipofanya kazi yake pasipo mwalimu wala amri.

Utafiti wa lugha uliofanywa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba zaidi ya thuluthi moja ya watu waliweza kuzungumza Kiswahili, na kwamba wanaume waliokijua walikuwa wengi kuliko wanawake. Hesabu hiyo yaafikiana na meza yetu. Kiswahili kilikuwa lugha ya mahali pa kazi, sokoni, kambini na hotelini, ambako wanaume ndio waliojaa. Jikoni nyumbani lugha za mama ziliendelea kutawala. Hata hivyo jiko halikufungwa kabisa. Luganda, ambayo husikika sana katika miji hii miwili, ina maneno sukaali, ssefuliya, essowaani, kijiiko na emmeeza. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kamusi kuyatambua maneno sukari, sufuria, sahani, kijiko na meza.

Tusije tukasema lakini kwamba habari hii yote ni tamu. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Maduka na hoteli zao zikagawanywa, kiwanda cha Kakira kikadhoofika, na sukari, kitu cha kawaida katika kikombe cha kila mtu, ikawa ya kutafutwa. Neno la Kiswahili lililoenea Uganda katika miaka ile ni magendo. Huko Mbale jambo lilikuwa kubwa zaidi. Wagisu hulima kahawa bora ya arabika, na tangu 1954 walikuwa na Chama Kikuu chao cha Ushirika. Jalidi ilipoharibu mibuni ya Brazili mwaka 1975 na bei ikapanda duniani, kahawa ya mlimani ilivushwa usiku hadi soko la Chepkube upande wa Kenya. Basi mkulima wa kahawa alikunywa chai, tena mara nyingine chai isiyo na sukari, huku kahawa yake ikienda ng'ambo.

Amin huyo huyo alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kabla yake, mwishoni mwa miaka ya 1920, Gavana Gowers alitaka kukieneza mashuleni, na Kabaka Daudi Chwa pamoja na maaskofu wakapinga. Mara zote mbili lugha ilishuka kutoka juu, na mara ya pili ilishuka pamoja na bunduki. Waganda wengi waliokisikia kizuizini na barabarani hawana sababu ya kukipenda, na sisi walimu hatuna haki ya kuwalaumu. Lakini tuwakumbushe kwa upole kwamba hakuna aliyelazimishwa kusema chapati.

Tena chapati yenyewe haikubaki kama ilivyoletwa. Vijana wa Busoga hutajwa sana kuwa ndio walioanza kuikunja pamoja na mayai, kabeji na nyanya, chakula kiitwacho sasa rolex kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa. Leo huuzwa kando ya barabara Jinja, Mbale na Kampala, na Jumapili asubuhi mteja husimama mbele ya jiko la mkaa akingoja zamu yake. Mkate huo ni wa Kihindi, jina lake limepitia Kiswahili, na ufundi ni wa Uganda. Nayo katogo imetoka nyumbani ikaingia hotelini, ikikaa meza moja na chai. Mpaka wa zamani umeanza kufutika.

Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe shuleni kwa lazima. Amri hiyo itakuwa ya tatu kushuka kutoka juu iwapo hatutaanza chini. Twashauri basi kwamba mwalimu wa Jinja au Mbale, kabla ya kuandika ngeli ubaoni, awatume wanafunzi wake Jumamosi waende sokoni na jikoni, waorodheshe majina ya kila kiliwacho na kila chombo, kisha waulize wazee jina lilitoka wapi. Watakaporudi Jumatatu watagundua kwamba nusu ya somo la kwanza walikwisha kulijua tangu walipoanza kunywa chai.