Kabla Trekta Haijapita, Chora

Wasee wa Kitale na Bungoma, leo tuongee kuhusu kuchora. Si katuni, si grafiti. Naongelea mchoro wa vipimo: ukuta unaanzia wapi, mlango unatazama wapi, chumba kina upana gani. Maoni yangu ni haya: mchoro kama huo unaweza kutetea historia ya watu kuliko hotuba mia za Mashujaa Dei.

Tuanze na Kilwa Kisiwani, kusini mwa pwani ya Tanzania. Huo ulikuwa mji tajiri wa biashara ya dhahabu, na Ibn Battuta alipofika 1331 aliusifu. Mapema miaka ya 1960, wakati Neville Chittick akichimba magofu ya Kilwa, msanifu majengo anayeitwa Peter Garlake alikuwa akizunguka pwani yetu akipima misikiti, makaburi na majumba ya kale. Mwaka wa 1966 akatoa kitabu kilichojaa michoro yake.

Sasa cheki vile mchoro unavyoongea. Ukisimama ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa unaona gofu moja tu. Kwenye ramani unaona miaka. Upande wa kaskazini kuna msikiti mdogo wa zamani, ambao paa lake lilibebwa na nguzo za mbao. Kusini yake kuna sehemu kubwa iliyoongezwa karne ya 14, mji ulipokuwa na pesa. Sehemu hiyo ikaporomoka, na karne ya 15 ikajengwa upya kwa kuba na matao. Mji unakua, unaanguka, unainuka, yote kwenye karatasi moja.

Halafu kuna vyumba vya nyumba za mawe za pwani: virefu, lakini vyembamba. Kwa nini? Kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Mti wa hapa ndio uliamua upana wa chumba, na kuta zilikuwa za matumbawe ya bahari hiyo hiyo. Kwa hivyo mtu akikuambia ati miji hii ilishushwa nzima nzima kutoka ng'ambo, mwonyeshe ramani.

Garlake mwenyewe alikuja kulipa gharama ya ushahidi wa aina hii. Baadaye alikuwa mkaguzi wa magofu ya kale huko Rhodesia. Serikali ya Ian Smith haikutaka isemwe kwamba Great Zimbabwe ilijengwa na Waafrika. Yeye akashikilia kile kuta na vipimo vilisema. Mwaka wa 1970 akaacha kazi na kuondoka nchini. Mawe na futi kamba viliitisha serikali nzima!

Sasa turudi nyumbani. Enzi zile zile za Kilwa, hapa kwetu Trans Nzoia na majirani Uasin Gishu kulikuwa na wafugaji ambao Wakalenjin wanawaita Sirikwa. Waliacha mashimo ya duara kwenye miteremko. Kwa muda mrefu watu walidhani ni nyumba za chini ya ardhi. Mwanaakiolojia John Sutton alipoyachunguza, ikaonekana ni maboma ya ng'ombe, na nyumba za watu zilijengwa kando. Ushahidi mmoja ni kilima kidogo kilicho chini ya mlango: matope na samadi zilizokuwa zikisukumwa nje. Ukichora shimo peke yake bila kile kilima, umepoteza hadithi.

Bungoma nako kuna Chetambe, karibu na Webuye, ambako Wabukusu walipigana na Waingereza 1895. Vita tunaimbiwa tangu primari. Lakini hebu mwambie rafiki yako akuchoree ile ngome: handaki lilipita wapi? Mlango ulikuwa upande gani? Hapo ndipo kimya kinaingia.

Shida ni kwamba matumbawe ya Kilwa yanangoja. Udongo haungoji. Mahindi ndiyo maisha yetu, simlaumu mkulima, lakini trekta likipita misimu kumi, shimo linakuwa shamba tambarare. Baada ya hapo mtu yeyote anaweza kudai kwamba kabla ya walowezi hapa palikuwa msitu mtupu, na wewe utabaki na "guka aliniambia."

Kwa hivyo, kama kwenu kuna shimo kama hilo, omba ruhusa ya mwenye shamba, beba futi kamba, karatasi na simu. Pima upana, kina, upande wa mlango, na kile kilima. Andika tarehe. Usichimbe, hiyo inahitaji kibali. Kisha peleka nakala kwa Makumbusho ya Kitale na ubaki na yako.

Digrii ya usanifu si lazima. Wikendi moja inatosha. Nani yuko ndani?