Namba ya Lenzi Ukingoni mwa Msitu wa Kakamega

Geuza picha yoyote ya zamani iliyopigwa studio mjini Kakamega. Nyuma yake utakuta mhuri, huenda na tarehe, huenda na jina la mjomba kwa wino uliofifia. Lenzi haitajwi, na hakuna aliyewahi kuiulizia. Shangazi ni shangazi, awe amepigwa kwa lenzi fupi au ndefu.

Picha za angani hazikuweza kuachwa hivyo. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya upimaji wa makoloni chini ya Martin Hotine. Kikosi namba 82 cha jeshi lake la anga kikatumwa kupiga picha Afrika, Kenya ikiwemo, kwa ndege za Lancaster, aina ile ile iliyokuwa imedondosha mabomu Ujerumani. Kila picha iliandikwa ukingoni: namba yake, namba ya safari, tarehe, herufi F ikifuatana na inchi za lenzi, kisha kimo cha ndege kwa futi. Kamera zilizofuata zilinasa saa, kipima kimo na namba ya lenzi kwenye filamu hiyo hiyo iliyonasa ardhi.

Kwa nini lenzi? Tuseme ndege iko mita 4,560 juu ya shamba, na lenzi ina urefu wa fokasi wa milimita 152. Hapo sentimita moja ya picha ni mita 300 za ardhi. Sasa namba ile ipotee, mtu akisie kuwa lenzi ilikuwa ya milimita 210. Sentimita ile ile inashuka hadi mita 217, na shamba la ekari 10 linasomeka ekari 5 na ushei. Nusu ya msitu inatoweka bila shoka kuinuliwa.

Ndiyo maana naithamini sana kazi ya Gertrud Schaab na wenzake wa Ujerumani, katika mradi wa utafiti wa BIOTA uliofanyika kati ya 2001 na 2010. Walizikusanya ramani za miaka ya 1910, picha za angani za 1948 na za miaka ya 1960, wakaziunga na za setilaiti, wakafuatilia jinsi misitu ya Kakamega na Nandi ilivyomegwa kwa takriban miaka 90. Aliyeandika zile inchi ukingoni hakuwa na habari ya utafiti huo. Aliandika kwa sababu ilikuwa kazi yake kuandika.

Mashamba yetu pia yamepitia kwenye lenzi hizo. Ardhi ilipoanza kusajiliwa, wenye mashamba nchini waliambiwa wapande ua mipakani ili uonekane kutoka angani. Ramani nyingi za mipaka zilichorwa juu ya picha zilizokuzwa tu, bila kusahihishwa miinuko na mabonde. Ndugu wawili wanaobishana leo kwa sababu ekari za hatimiliki haziwiani na zilizopimwa kwa kamba, mara nyingine wanabishania kosa la picha wala si wizi.

Kamera za kawaida zilichelewa mno kuandika maelezo ya aina hiyo. Mwaka 1914 Kodak iliuza kamera yenye kidirisha nyuma, mpigaji akaweza kuandika neno juu ya filamu kwa kijiti. Mwaka 1995 Wajapani wakatunga Exif, utaratibu wa kuficha maelezo ndani ya picha ya dijitali. Hata hivyo, jina la lenzi halikutengewa nafasi rasmi mpaka toleo la 2.3, mwaka 2010. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na msimbo wake.

Leo vijana wanapiga picha za kutosha pale msituni, za mti uliokatwa, za kijito kilichokauka, na simu inaandika lenzi yenyewe. Kisha picha inatumwa kwa WhatsApp, na maelezo hayo yanafutwa njiani. Itume kama dokyumenti, uiache na maelezo yake.