Kuchagua Shule ya Uuguzi: Mafundisho ya Historia

Kila mwaka, majibu ya mitihani yakiisha kutolewa, wazazi wengi huketi pamoja na watoto wao wakishauriana juu ya shule. Na mtoto akisema ya kuwa ataka kuwa mwuguzi, mara nyingi maswali huwa mawili tu: karo ni kiasi gani, na shule iko mbali kiasi gani? Maswali hayo ni ya haki, kwa maana fedha haiokotwi njiani, wala mzazi hapendi mwanawe awe mbali na macho yake. Lakini tukizitazama habari za shule za uuguzi tangu mwanzo wake, twaona ya kuwa liko swali la tatu, na kutoulizwa kwake kumewaponza wengi. Swali lenyewe ndilo hili: Je, shule hii yamtaka mwanafunzi ili imfundishe, au yaitaka mikono yake tu?

Zamani katika nchi za Ulaya kazi ya kuuguza haikuwa na shule. Mahali pengine wagonjwa walitunzwa na watawa. Mahali pengine walitunzwa na wanawake maskini wasiofundishwa, waliolipwa kidogo na kuheshimiwa kidogo zaidi. Mwaka 1836 Mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walianzisha nyumba huko Kaiserswerth, mji mdogo wa Ujerumani kando ya mto Rhine, wakawafundisha wanawake kuuguza kwa utaratibu. Bibi Florence Nightingale, binti wa jamaa tajiri ya Kiingereza, alikaa huko miezi mitatu mwaka 1851 ili ajifunze, ingawa jamaa zake waliiona kazi ile kuwa ni aibu kwa binti wa nyumba kama yao.

Baada ya vita vya Crimea, ambavyo Bibi Nightingale aliwauguza askari, watu wa Uingereza walichanga zaidi ya paundi 40,000 kwa kumheshimu. Kwa fedha hiyo ilifunguliwa shule katika hospitali ya St Thomas', mjini London, mwaka 1860. Mwanamke aliyetaka kuingia alipaswa kuleta ushuhuda wa tabia njema. Alifundishwa mwaka mmoja. Alipewa chumba, chakula na paundi 10, na kila mwezi mwenendo wake na maendeleo yake yaliandikwa katika karatasi. Naye alifungwa kwa ahadi ya kutumika hospitalini kwa muda baada ya kufundishwa. Yafaa tulishike jambo moja hapa: shule ile ilikuwa na fedha yake yenyewe, mbali na mfuko wa hospitali. Kwa hiyo iliweza kusema, "Huyu ni mwanafunzi," hata siku ambazo wagonjwa walikuwa wengi na watumishi wachache. Shule nyingi zilizofuata hazikuwa na fedha ya namna hiyo, na humo ndimo taabu ilimoingia.

Na tuvuke bahari sasa, twende Marekani. Bibi Linda Richards, aliyezaliwa mwaka 1841, alikuwa amemwuguza mama yake mzazi hata kufa kwake, akatamani kuifanya kazi hiyo kwa maarifa. Mwaka 1870 aliingia katika hospitali moja kubwa ya mji wa Boston, akidhani ya kuwa atafundishwa. Hakufundishwa. Alikuta kazi nyingi, wala hapakuwa na mtu wa kumweleza sababu ya lolote alilolitenda. Baada ya miezi mitatu akaondoka. Wengine wangeivunja nia yao hapo, wakasema ya kuwa uuguzi haufai. Yeye hakuulaumu uuguzi. Alitafuta mahali pengine.

Mwaka 1872 hospitali nyingine ya Boston, iliyoitwa New England Hospital for Women and Children, ilitangaza ya kuwa yaanzisha mafundisho ya wauguzi. Mkuu wa kazi alikuwa Dakta Susan Dimock, mwanamke aliyesomea uganga huko Zurich kwa sababu vyuo vya kwao vilimkataa. Wanafunzi wa kwanza walikuwa watano, na Bibi Richards ndiye aliyetangulia kujiandikisha.

Msidhani ya kuwa alipata raha. Waliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakaacha kazi saa tatu ya usiku. Walilala katika vyumba vidogo kando ya wagonjwa wao, na mgonjwa akiita usiku, waliamka. Kila mmoja alikuwa na wagonjwa sita. Kupumzika kwao kulikuwa alasiri moja katika kila majuma mawili, tangu saa nane hata saa kumi na moja. Vitabu vya kusomea hawakuwa navyo, na chupa za dawa ziliandikwa nambari tu, ili wasijue majina ya dawa walizowanywesha watu. Hata hivyo waganga waliwapa mafundisho kumi na mawili, na kazi ya kitandani walionyeshwa na watu waliotaka wajue. Mwaka 1873 Bibi Richards alipata cheti, naye hutajwa kuwa mwuguzi wa kwanza wa Marekani aliyehitimu katika shule. Baadaye alisimamia na kuanzisha shule za uuguzi katika miji mingi, hata akaenda kufundisha Japani.

Basi tupime nyumba zile mbili. Kazi ilikuwa nzito huku na huku. Lakini katika ya kwanza mtu alichoka akabaki vilevile. Katika ya pili alichoka akatoka na maarifa. Kwa macho ya mpita njia zilifanana, maana mote mlikuwa na vitanda, wagonjwa na wanawake wenye kutumika.

Katika shule hiyo hiyo aliingia Bibi Mary Eliza Mahoney mwaka 1878. Wazazi wake walikuwa wamezaliwa utumwani, na yeye alikuwa amefanya kazi katika hospitali ile miaka mingi, akipika, akifua na kusafisha. Alikuwa na umri wa miaka 33. Mafundisho yalikuwa ya miezi kumi na sita. Walioingia walikuwa 42. Waliofika mwisho mwaka 1879 walikuwa wanne tu, naye alikuwa mmoja wao, mwuguzi wa kwanza mweusi wa Marekani kupata cheti cha shule. Kujua mapema ugumu wa njia ni sehemu ya kuchagua. Bibi Mahoney aliijua nyumba ile tangu jikoni hata chumba cha kufulia kabla hajaomba kuwa mwanafunzi.

Lakini wako waliokosa hata nafasi ya kuchagua. Mwaka 1889 Bibi Emma Reynolds aliomba nafasi katika shule za uuguzi za mji wa Chicago, akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Ndugu yake, aliyekuwa mchungaji, alimwendea Dakta Daniel Hale Williams, mganga mweusi mwenye sifa, akamwomba atumie heshima yake ili dada yake akubaliwe. Dakta Williams akaona ni heri kujenga mlango mpya kuliko kubisha milele katika ule uliofungwa. Watu weusi kwa weupe wakachanga, na mwaka 1891 Hospitali ya Provident ikafunguliwa pamoja na shule yake ya wauguzi. Bibi Reynolds alihitimu pamoja na wenzake wa kwanza, kisha akasomea uganga na kuwa daktari mwaka 1895.

Miaka ile shule ziliongezeka upesi sana katika Marekani, na sababu yake haikuwa kupenda elimu peke yake. Hospitali ziligundua ya kuwa mwanafunzi ni mtumishi wa bei rahisi: hula, hulala, hupata fedha kidogo, na hufanya kazi mchana kutwa. Hata hospitali ndogo zikajiita shule. Mwaka 1923 ilitolewa taarifa kubwa ya uchunguzi ulioongozwa na Bibi Josephine Goldmark. Ilionyesha ya kuwa katika shule nyingi mahitaji ya hospitali yalitangulia na masomo yakafuata kama mkia. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Yale kilifungua shule ya wauguzi iliyokuwa na mkuu wake na fedha yake, ambamo mafundisho yalipangwa kwa kadiri ya haja ya mwanafunzi. Tangu mwaka 1952, kwa shauri la Bibi Mildred Montag, ikaanza pia njia ya miaka miwili katika vyuo vidogo vya Marekani. Hivyo njia zikawa tatu: ya hospitali, ya chuo kidogo, na ya chuo kikuu.

Hatusemi ya kuwa chuo kikuu ndicho chema na hospitali ndiyo mbaya. Aliyesoma vitabu bila kumgusa mgonjwa ni kama aliyejifunza kuogelea mchangani. Mizani ni ile ile: elimu na kazi zishikane mikono.

Swali hilo ni letu pia. Katika Tanzania leo mwenye kuomba hukutana na masomo ya astashahada, ya stashahada na ya shahada, na shule ni nyingi. Basi kabla ya kutuma maombi na kulipa karo, na aulize haya. Kwanza, je, shule imetambuliwa na serikali na Baraza la Uuguzi na Ukunga, ili akihitimu aweze kuandikishwa? Maana pasipo kuandikishwa hana ruhusa ya kuifanya kazi. Pili, wanafunzi hujifunzia katika hospitali gani, na ni nani asimamaye karibu nao kuwaelekeza? Tatu, katika walioingia, ni wangapi waliomaliza na kufaulu? Nne, akianzia ngazi ya chini, njia ya kupanda i wazi? Tano, yako malipo au ahadi gani ambazo hazikuandikwa katika tangazo? Majibu na ayatafute kwa wanafunzi waliomo na waliokwisha kutoka, wala asitosheke na maneno ya mwenye shule peke yake.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Mzazi auzaye mbuzi na mahindi ili mwanawe asome ana haki ya kujua anunuacho. Na zaidi ya mzazi yuko mgonjwa, ambaye siku moja atalala kitandani akiitazama mikono ya mwuguzi huyo. Yeye hatapata nafasi ya kuuliza ilifundishwa wapi. Kwa hiyo tumwulizie sisi leo.