Udhibiti wa tiba mtandao ya unene nchini Marekani

Udhibiti wa tiba mtandao ya unene ni mfumo wa sheria na kanuni unaosimamia namna wahudumu wa afya nchini Marekani wanavyowaandikia wagonjwa dawa za kupunguza uzito kwa njia ya simu, video au intaneti. Mamlaka ya leseni yako mikononi mwa kila jimbo: kwa kawaida daktari hutakiwa kuwa na leseni ya jimbo alipo mgonjwa wakati wa huduma. Bodi za tiba za majimbo huweka masharti ya uchunguzi, kumbukumbu na ufuatiliaji.

Aina ya dawa huathiri masharti hayo. Phentermine ni dawa ya kupunguza uzito iliyo katika kundi la dawa zinazodhibitiwa, hivyo huguswa pia na sheria ya shirikisho ya Ryan Haight ya 2008, inayotaka uchunguzi wa ana kwa ana kabla ya dawa hizo kuandikwa kupitia intaneti, isipokuwa katika hali maalumu. Sharti hilo lililegezwa mwaka 2020 kutokana na UVIKO-19. Semaglutide, iliyoidhinishwa kwa tiba ya unene mwaka 2021 kwa jina Wegovy, haimo katika kundi la dawa zinazodhibitiwa. Udhibiti huu hulenga kupanua huduma bila kuhatarisha usalama wa mgonjwa.